Daftari la Venant

Jioni ile nilitoka mara moja tu kununua mafuta ya taa hapa Pasiansi. Niliporudi nikafungua daftari niandike ukurasa wangu wa siku. Ulikuwa umeshaandikwa.

"Jumanne. Leo Justa ameanza kukohoa."

Wino bado mbichi. Mwandiko ni wa Venant... na rafiki yangu Venant tulimzika Jumapili.

Justa ni mke wangu. Alikuwa jikoni, mzima kabisa. Nikasimama kusikiliza.

Akakohoa.

Nisiseme uongo, daftari nililichukua mwenyewe. Tangu kiwanda cha pamba kiuzwe mwaka 1995 na sisi makarani tutupwe nje, Venant aliandika ukurasa kila jioni, hakukosa. Mimi nilikuwa nikianza Jumatatu, Jumatano nimeacha. Nilimwonea wivu. Siku ya mazishi nililikuta chini ya mto wake, nusu ya kurasa bado tupu, nikalitia kotini. Nilidhani mazoea yake yangenishika na mimi.

Jumatano likaandikwa: "Justa amekohoa damu." Kabla sijalifunga, akakohoa damu. Chumba kizima kilinuka udongo uliolowa.

Hasira zilinipanda. Tumekula sahani moja miaka kumi na moja, Venant. Mwizi ni mimi, mke wangu amekukosea nini?

Nikampelekea daftari dada yake, Annet. Hakulipokea. Alininong'oneza:

"Kaka Mihayo, matanga hatujaanua. Vitu vya marehemu bado ni vyake. Nani alikugawia?"

Nikalirudisha daftari kotini.

"Basi andika wewe kabla jua halijazama. Usimwachie ukurasa."

Matanga yalianuliwa, vitu vikagawanywa, daftari hakuna aliyelitaka. Miezi minne sasa naandika kila siku. Bei ya sangara, mvua, matusi kwa Venant, chochote. Damu ilikoma, kikohozi kikabaki. Majirani wananisifu eti nina nidhamu. Nidhamu gani? Nawachukia, wao na sifa zao.

Leo mchana homa iliniangusha kwenye mkeka hapa sebuleni. Nimezinduka, jua limeshazama. Nimewasha taa, nimefungua daftari...

"Leo Justa hakohoi tena."

Ni kweli. Nyumba imetulia. Nimeketi nje ya mlango wa chumba chake, namtukana Venant kwa sauti, matusi yale ambayo Justa hayavumilii, ili anikemee.

Hajanikemea.