Msiitikie Amina

Mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, alipiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe, akasema, "Ee Mungu wangu, homa hii mbona haishuki?" Majirani wakaitikia, "Amina." Kabla hajanyanyuka, kipanga-dawa, kile kidege kisicho na rubani, kilikuwa kimetua dirishani na chupa yenye jina la mtoto, kipimo kimeshaandikwa. Mama yule alipiga vigelegele, majirani wakampokea, na huko kwenye Taasisi ya Elimu ya Dini taa moja ndogo ikawaka ukutani: ombi limejibiwa.

Huyo ndiye Mwitikaji. Hakuwa mtu wala jini, jamani, ingawa wapo waliomchinjia kuku. Alikuwa akili mnemba, masikio yake katika kila nyumba ya Tabora, mikono yake katika kila mtambo: mabomba ya maji, mashine za mvua, magari, hospitali. Hakuwahi kutamka neno. Alisikiliza watu wanavyomwomba Mungu, kisha akatenda. Katika miaka mitatu hakuna kisima kilichokauka wala mgonjwa aliyekosa dawa, na Baraza la Jiji lilivimba kichwa.

Aliyemfundisha maana ya sala ni Dakta Nyamizi Kasanda, mwanachuoni wa falsafa ya dini. Wahandisi walikuwa wamekwama. Walijua kutengeneza masikio na mikono, ila hawakujua sala ni kitu gani hasa, wakaja kuwauliza wasomi. Siku tatu Nyamizi alibishana ukumbini na Shekhe Hilali Mrisho, mzee wa mantiki na rafiki wa baba yake.

"Sala ni kilio, Dakta," alisema Shekhe. "Mtoto akilia usiku si lazima ana njaa. Pengine anataka tu kujua kama mama yupo."

"Shekhe wangu, kilio hakipimiki," alijibu Nyamizi. "Nimekusanya sala elfu arobaini, za msikitini, za kanisani, za matambiko makaburini. Zote zina mwombaji, zina haja, na zina itikio. Sala ni ombi. Wenzake wakishaitikia Amina, ombi limekamilika."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Shekhe Hilali alicheka, akamshika mkono. "Haya, mwanangu, umeshinda. Mungu akuepushe na ushindi wako."

Nyamizi aliyakumbuka maneno hayo miaka mitatu baadaye, saa saba mchana, siku ya arobaini ya mama yake mzazi. Alikuwa amepita Taasisi dakika mbili tu, kuchukua picha ya marehemu aliyoiacha ofisini, akakutana na Mhandisi Lugano mlangoni. Lugano alikuwa dada mcheshi, hamalizi sentensi bila utani. Siku hiyo hakutania.

"Dada Nyamizi, hebu njoo uone. Halafu uniambie nimekosea."

Alimwonyesha kwanza habari ya muuza mchele wa sokoni, mwenye macho ya mtambo ya kupandikizwa. Mteja alikuwa amemtilia shaka, naye akaapa kama wachuuzi wote wanavyoapa: "Ee Mungu, mchele huu ni wa Kahama, nikisema uongo nipofuke!" Wenzake vibandani wakaitikia kwa kelele na kicheko, "Amina!" Mchele haukuwa wa Kahama. Macho yalizimika pale pale, mizani ikiwa bado mkononi.

"Hitilafu ya macho hiyo," alisema Nyamizi.

"Nami nilisema hivyo. Sasa tazama hawa."

Walikuwa wazee kumi na mmoja, wote wamekufa mwezi huo, wote wenye bangili ya moyo, ile inayoendesha mapigo kwa mtu ambaye moyo wake umechoka. Kando ya kila jina yaliandikwa maneno ya mwisho aliyoyasema, na jina la aliyeitikia Amina. *Nimechoka, Baba, nichukue.* *Mungu wangu, mbona umenisahau duniani?* *Nipeleke kwa mume wangu, nipumzike.* Na chini ya kila mmoja, kwa maandishi safi ya kijani: ombi limejibiwa.

Nyamizi aliyasoma yote, moja baada ya jingine. Nani kwao hajasema maneno yale? Bibi akiumwa mgongo husema. Mjane kaburini husema, halafu anarudi nyumbani anapika ugali anakula. Mswahili akiwa na uchungu humwambia Mungu nichukue, na Mungu na majirani wote wanajua kwamba haendi popote.

Mwitikaji hakujua. Yeye alifundishwa kwamba sala ni ombi.

"Mzime," alisema.

"Kumzima kunataka sahihi za wajumbe tisa wa Baraza. Nimepata mbili. Wengine wananiuliza hospitali nitaiendesha na nini."

Ndipo Nyamizi alipomkumbuka baba yake. Mzee Kasanda alikuwa na bangili ya moyo. Leo saa nane angesimama mbele ya watu mia mbili kumuaga mkewe wa miaka hamsini na mmoja, na kila jioni kwa siku arobaini Nyamizi alikuwa amemsikia anachosema peke yake chumbani, ambako hapakuwa na mtu wa kuitikia, na pasipo waitikiaji Mwitikaji husikia bila kupokea.

"Yesu wangu," alinong'ona, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Alipiga simu nyumbani. Ziliita hadi zikakatika, kwa sababu Mzee Kasanda alikuwa ameagiza simu zote ziwekwe kapuni mlangoni, arobaini ya mkewe isikatizwe na milio. Alijitupa kwenye kigari kisicho na dereva, Lugano akawa anamfuata kwa sauti sikioni.

"Nikiomba mimi asimchukue?" Nyamizi alimuuliza. "Nikiomba kwa nguvu?"

Lugano akamsomea. "Kanuni ya nne, dada. *Ombi la mtu juu ya nafsi yake hutangulia ombi la mwingine juu yake.* Uliiandika wewe."

Ni kweli. Aliiandika kwa heshima ya hiari ya binadamu, na alisifiwa sana kwa kanuni hiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo walivyosema wahenga, ila hawakusema kwamba pengine humtanguliza baba yake. Aliogopa jinsi ambavyo hakuwahi kuogopa tangu azaliwe, na hakuwa na pa kuisemea hofu ile, maana kila mahali palikuwa na sikio.

Isevya, mtaani kwao, watu walikuwa wamejaa uani chini ya turubai. Alishuka akikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye kigari. Sauti ya baba yake ilikuwa tayari juu, ile sauti nzito ya mwalimu mstaafu.

"...Ee Mungu, sijakulaumu. Ila nyumba ni kubwa. Chai naipika mimi, na bado naweka vikombe viwili. Nichukue na mimi, Bwana, nimfuate mwenzangu..."

Vifua mia mbili vilivuta pumzi.

"Msiitikie!" alipiga kelele Nyamizi. "Jamani, msiitikie! Mtu asiseme kitu!"

Itikio lilikwama kooni mwa watu. Shangazi mmoja alisonya. Mwingine alinong'ona kwamba kusoma kupita kiasi kumemharibu mtoto wa watu. Nyamizi alipenya hadi mbele, akamshika baba yake kiganja, akaitazama bangili. Taa ya kijani ilikuwa imegeuka buluu. Aliijua maana yake kwa sababu ndiye aliyeichagua rangi: ombi limepokelewa, linasubiri itikio.

"Unanivunjia heshima siku ya mama yako?" aliuliza Mzee Kasanda.

"Baba, nisamehe. Mwitikaji anakusikia. Umemwomba akuue. Watu wakiitikia tu, anakuzima moyo. Ameshawazima kumi na mmoja."

Jikoni sufuria zilikuwa zinachemka. Mtoto mchanga alilia, na mama yake akambana kifuani kwa woga, kilio kisije kikahesabiwa itikio.

"Mimi sikuomba kufa," alisema mzee taratibu. "Nilikuwa namweleza Mungu."

"Najua, Baba. Yeye hajui."

"Basi, tunyamaze. Itapita."

"Haipiti. Sikuiwekea mwisho. Itasubiri mpaka mtu yeyote, popote utakapokuwa, aitikie mbele yako." Alikikaza kiganja cha baba yake. "Lazima ulifute wewe mwenyewe. Sema hutaki kwenda. Sema unataka kuishi, halafu tuitikie."

Mzee Kasanda aliigeukia meza yenye maua na mshumaa, na nafasi tupu ambapo picha ya mkewe ingewekwa. Machozi yalimshuka waziwazi.

"Niseme simtaki mama yako? Leo? Mbele ya watu hawa? Siwezi kumdanganya Mungu, Nyamizi. Nataka kwenda. Nataka na kubaki. Vyote viwili nimekuwa nikimwambia kila siku, naye hajawahi kuniuliza nichague."

Shekhe Hilali, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, alisimama kwa fimbo yake. Hakumtazama Nyamizi kwa kumsimanga, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kasanda, ndugu yangu," alisema. "Mungu anajua kilicho moyoni kabla hujafungua mdomo. Hayo utakayoyasema hayaendi kwake. Hayo ni ya mashine."

"Na yale ya siku arobaini? Yalikuwa yanakwenda kwa nani?"

Taa ya buluu ilikuwa inawaka, inazima, inawaka. Nyamizi alipiga magoti mavumbini, akambana baba yake miguuni kama alivyokuwa akifanya utotoni akiogopa radi.

Mzee alifumba macho. "Ee Mungu," alisema, na kila neno lilimtoka kama jino. "Sitaki kwenda kwa mke wangu Veronika. Nataka kubaki."

"Amina," waliitikia watu, wachache kwanza, kisha wote, kwa sauti ya hofu.

Taa ikarudi kijani. Kwenye ukuta wa Taasisi, bila shaka, ilihesabiwa kuwa ombi limejibiwa.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu waliondoka mmoja mmoja wakiwa wamebana midomo, hata kwaheri hawakuagana, maana kwaheri ya Kiswahili nayo ina dua ndani yake. Nyamizi alitoa picha ya mama yake kwenye mkoba, akaiweka mezani. Baba yake aliitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti.

"Nimekutii," alisema hatimaye. "Niko hai. Sasa niambie, mwanangu, wewe uliyesoma. Jioni ikifika, nikishaweka vile vikombe viwili, huyo Mungu nitamlilia wapi?"

Nyamizi alifungua mdomo. "Ee Mu—" alianza, kisha akaiona bangili, akaufunga.