Digrii Ngapi Kwenu Leo

Jumamosi ya katikati ya Septemba, soko la Salamanca hapa Hobart, kusini kabisa mwa Australia, lilifurika watu wa makoti mazito na vikombe vya kahawa, theluji bado imekaa juu ya mlima, na katikati yao akatokea mwanamume wa miaka arobaini hivi amevaa kaptula. Digrii kumi na moja, na mtu kavaa kaptula. Alisimama mbele ya meza ya Bronwen, mwanamke mwembamba wa nywele nyekundu, sweta lake la kijani limetoboka kiwikoni, akaonyesha trei moja.

"Naomba miche sita ya nyanya."

"Siuzi."

"Si hii hapa?"

"Ndiyo hii, ila nakuona, utaipanda leo leo. Nyanya huku hazipandwi kabla ya Siku ya Maonyesho ya wakulima, mwisho wa Oktoba. Umande ukiganda alfajiri moja tu, umeiua yote. Rudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao niko kwetu kaskazini, Darwin. Kwetu nyanya tumeshakula tukamaliza, saa hizi zilizobaki jua linazikaanga shambani."

"Digrii ngapi kwenu leo?"

"Thelathini na tatu."

"Poleni."

"Pole yako wewe. Mimi ndiye magoti yanagongana hapa."

Jina lake Manoli, Mgiriki aliyezaliwa Darwin, fundi wa mafriji, amekuja wiki mbili kufunga chumba cha baridi kwenye ghala la samaki. Miche alitaka kumpelekea mama mwenye nyumba aliyofikia. Aliondoka bila miche lakini na namba ya simu, na wiki mbili zilipokwisha alikuwa na lile sweta la kijani pia. Walipendana, sina namna ya kulizungusha. Alipopanda ndege, Bronwen alilia ndani ya gari mpaka kioo kikafanya ukungu.

Basi ikawa simu kila asubuhi.

"Digrii ngapi, mpenzi?"

"Kumi na mbili, na mvua ya kuja ubavuni. Kwenu?"

"Thelathini na nne."

"Acha kujidai."

"Nijidai nini, nimelowa jasho toka soksi mpaka kola. Njoo unipepee, Bron wangu."

Kuna jambo Bronwen hakumwambia. Miaka mitano nyuma daktari alimkuta na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule ambao joto likizidi, miguu inaishiwa nguvu na macho yanaingia ukungu. Mwanamume wa kabla ya Manoli aliligeuza penzi kuwa uuguzi, halafu akachoka na uuguzi. Bronwen hakutaka tena kutazamwa vile. Akapiga hesabu zake mwenyewe: Hobart nayo Januari, kiangazi chetu, ilishafika thelathini na nne, akakaa na taulo bichi shingoni, jioni upepo wa kusini ukaja, mambo yakaisha. Alichosahau, na sisi wa kusini wote tunasahau, ni kuuliza usiku kwao inashuka mpaka ngapi. Na Manoli hakusema, kwa sababu kwao haishuki, na jasho halikauki. Tunalinganisha namba moja na namba moja, tunadhani tumeshajua.

Mwanzoni mwa Oktoba Bronwen akaenda Darwin.

Manoli alikuwa na binti, Poppi, wa miaka tisa, wiki moja kwa baba, wiki moja kwa mama yake. Siku ya tatu walikwenda watatu kula soko la Parap. Mawingu yalikuwa yamejaa bila mvua, hewa nzito. Bronwen, gauni jeupe limemganda mgongoni, alipewa bakuli la tambi za mchuzi, na mkono ukaliachia. Mchuzi wote ukamwagikia Poppi.

"Baba, mbona anatembea kama mlevi?"

"Joto tu hilo, atazoea," Manoli akacheka.

Kesho yake Manoli alirudi toka kazini akakuta karatasi mezani: *Siwezi kuishi hapa. Nisamehe.* Akaamini ni mtoto wake aliyekataliwa. Hilo lilimuuma kuliko kuachwa kwenyewe, na kwa hasira hakupiga simu wiki tatu. Bronwen naye akaona aibu, hakupiga.

Aliyelifumbua fumbo ni Poppi, akiwa anapiga mswaki.

"Hakunichukia, Baba. Alikuwa haoni. Alinishika bega akaniuliza ngazi iko wapi, akasema nisikwambie."

Siku ya Maonyesho mji mzima ulikuwa likizo. Manoli alirudi Hobart, akamkuta Bronwen nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye udongo, anapanda nyanya.

"Ungeniambia."

"Ungeniangalia vile unavyoniangalia sasa hivi."

Alichutama karibu yake, akashika mkono wake wenye udongo. "Basi nihamie mimi. Mafriji yanaharibika kila mahali. Nioe, au nikuoe, vyovyote utakavyo."

Bronwen alikuwa ameitamani sentensi ile toka Septemba.

"Na Poppi?"

"Likizo atakuja."

"Mama yake hahami, na wewe unajua. Leo una nusu ya mwaka wake. Ukija huku utabaki na likizo."

"Watu wanaishi hivyo, Bron."

"Wanaishi. Atakuchukia kidogo kidogo, na wewe utanichukia mimi."

"Sitakuchukia."

"Manoli, ungekuwa mtu wa kumwacha, nisingekupenda."

Manoli alilia, mwanamume mzima, na Bronwen akamwacha alie kwa sababu na yeye alikuwa analia. Kisha Manoli akachukua jembe dogo akachimba mashimo yaliyobaki, akaenda kukamata ndege ya jioni.

"Nikupigie kesho?" aliuliza getini.

"Usipige. Nikiisikia sauti yako nitakwambia uje."

Mimi ni jirani yake, huwa natazama naye taarifa ya habari. Mwishoni inakuja hali ya hewa, mji baada ya mji: Hobart, Melbourne, Adelaide, Sydney, Brisbane. Hapo, Darwin haijatajwa bado, Bronwen huchukua rimoti akazima, akaenda kuchemsha maji ya chai.