Msumari Katika Murembe

Simu iliita ikiwa haina betri. Betri yenyewe ilikuwa nje juani, kando ya maharagwe ambayo Muhonja alikuwa akichambua, kwa sababu mumewe alishikilia kwamba joto huiongezea nguvu. Muhonja aliitazama betri, akaitazama simu pale dirishani, akajiambia ni masikio yake.

Mwaka ulikuwa tisini na tisa, na kijijini kwao Shinyalu simu ya mkononi ilikuwa hiyo moja tu. Mteja fulani aliiacha kwenye kibanda cha mumewe Sifuna, fundi wa redio mjini Kakamega, asirudi tena kuichukua. Lilikuwa dude zito kama jiwe la kusagia! Ukipiga mara moja, betri imekufa. Ukiwa ndani haishiki, ukitoka nje inashika nusu ya neno. Sifuna aliwahi kupanda juu ya tangi, juu ya choo, juu ya banda la ng'ombe, akipaza "Hallo! Hallo!" hadi kuku wakahama ua. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa.

"Kosa lake kubwa, Mama Michelle, haisemi nani anapiga," alimwambia mkewe. "Unaitika tu kama mjinga. Mimi nitaifanya itaje jina kwanza."

"Na sisi tulifunzwa tusiitikenga mtu hatumuoni," Muhonja alimjibu. "Hiyo kitu yako kazi yake ni kuitikisha watu."

Sifuna alicheka. Ukingoni mwa boma lao ulisimama murembe mkubwa, mti wa kiapo, ambao marehemu baba yake alikataza usiguswe hata kwa kisu. Basi ni huo huo aliouparamia kwa ngazi, akapigilia msumari mrefu juu kabisa, akafunga waya wa shaba na kuushusha hadi dirishani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo simu ilishika barabara, na majirani wakaja kuongea na watoto wao walio mbali.

Kesho yake ndipo ilipoanza kuita bila betri, na kutaja majina.

Sifuna karibu acheze. Imekubali! Muhonja ndiye aliyetambua kwamba jina lililotajwa halikuwa la anayepiga. Lilikuwa la anayetakiwa.

"Ayuma," ilisema simu, sauti nzito, yenye maji maji.

Ayuma, mjane wa boma la pili, alikuwa amekuja kungoja simu ya mwanawe. Aliinyakua kwa furaha. "Ndiyo mimi!" Akasikiliza, akasikiliza, uso ukimlegea, kisha akaiweka chini polepole na kwenda zake. Hakutamka neno tena, hata alipoungua mkono jikoni. Nyumba ya Muhonja ilibaki na harufu ya udongo mbichi, ya shimo lililochimbwa asubuhi hiyo.

Sifuna aliukata waya. Asubuhi iliyofuata simu iliita tena, na safari hii ilisema kwa sauti ya Ayuma mwenyewe, ile sauti ya kuchekacheka iliyompotea: "Michelle."

Binti yao wa miaka sita aliinua kichwa kutoka kwenye uji, akafungua mdomo. Muhonja alimziba kwa kiganja. 

Walimwita Navalayo, kikongwe aliyetibu watu wa mapepo. Alinusa pale dirishani, akakataa kiti.

"Nani alipiga msumari?"

"Ni mimi, kukhu," Sifuna alimjibu bibi huyo.

"Hapo watu walikulanga kiapo. Chenye kilifungwa ndani hakikuwa na mdomo. Wewe umekipatia." Alishusha sauti. "Utautoa kwa mkono ule ule, leo, jua likiwepo. Na nyinyi wa ndani, mpaka utoke, msiitike sauti yoyote. Kila mtu aliongea kwa hiyo simu, kinajua sauti yake."

"Na mtoto akiitika?" Muhonja alinong'ona.

"Utabaki na mwingine kama Ayuma."

Sifuna alipanda na koleo la kung'olea misumari. Muhonja aliifunika simu kwa sufuria, akakaa sakafuni na Michelle mapajani, kiganja mdomoni mwa mtoto. Mara mvua ya alasiri ikashuka, ile mvua ya Kakamega isiyobisha hodi, ikapiga mabati hata chumba kizima kikanguruma.

"Michelle, njoo uchukue mandazi," ilisema sauti ya Ayuma chini ya sufuria.

Kisha ikaja sauti ya Sifuna, nyororo: "Mama Michelle, msumari umetoka. Mlete mtoto aone." Lakini nje koleo lilikuwa bado linagonga msumari, na Muhonja akauma midomo.

Kisha koleo likanyamaza, na katikati ya ngurumo ya mabati ikaja sauti ya tatu, ambayo hakuweza kujua kama ilitoka chini ya sufuria au kule nje kwenye mti, ikisema "Muhonja! Ngazi imeteleza! Muhonja, nishikie!", ikarudia, ikalia, ikamwita kwa jina la utani alilomwita walipokuwa wachumba, ikamwambia mikono inachoka, na yeye akatikisa kichwa huku machozi yakimdondokea mtoto aliyekuwa akifurukuta amjibu baba yake, akamkaza zaidi, akangoja, mpaka sauti ikakoma.

Mvua ilipopungua alifunua sufuria. Simu ilikuwa baridi, kimya, na ile harufu ilikuwa imekwisha. Nje Ayuma alikuwa akipiga mayowe kwa sauti yake mwenyewe, amesimama juu ya Sifuna aliyelala chini ya murembe, shingo imepinda, msumari ndani ya ngumi. Kule juu gome lilikuwa limechunwa kwa kucha za mkono mmoja. Hakuwa ameanguka mara moja.

Matangani watu walimwuliza kwa upole. Kwani hakuita? Hakulia hata kidogo?

"Mvua ilikuwa kubwa," Muhonja alisema. "Sikusikia kitu."

Michelle, aliyekuwa ameketi ubavuni pake, aligeuka akamtazama mama yake. Kisha akainua kiganja chake kidogo, akajiziba mdomo mwenyewe.