Wimbo Uliokuwa Ukipotea

Nyumbani kwa Mama Gertrude, katika mtaa wa kambi ya Panda, bukari, yaani ugali, haisongwi bila wimbo. Mama anaongoza kwaya ya parokia. Nyimbo zake anaziandika kwenye simu, maneno juu, do re mi chini. Anatumia programu huria, yaani ya bure, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuiboresha.

Jumatano moja hakuimba. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na simu ikazimika katikati ya ubeti. Alipoichaji kwa jirani mwenye paneli ya jua, wimbo haukuwemo.

"Tena," alisema. "Hii telefone inakula nyimbo yangu."

Binti yake Orpha hakumsikiliza. Alikuwa na huzuni yake. Orpha anasomea ualimu, na aliomba kujiunga na mpango ambamo wajenzi wa programu ileile huwafundisha wanafunzi kazi. Kila mmoja alete mchango wa kazi kwenye programu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Orpha alidhani mchango ni kode tu, yale maandishi yanayoiamuru kompyuta. Kwa kuwa hajui kode, aliomba ya rafiki yake Eddy, akaituma. Ilirudishwa. Haikufanya kazi.

Jioni akapita jirani yao Madeleine, msimamizi wa wanafunzi wa mpango huo mjini Likasi.

"Yaya Madeleine, miye natoka mu mpango," Orpha alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Siyue kode. Muweke muntu ingine."

Madeleine akavuta kiti. "Nani alikuambia ni kode tu? Kuko bantu ba kuandika maelezo. Kuko ba kutafsiri. Kuko ba kujaribu programu na kusema ni fasi gani, pahali gani, inaharibika."

"Ile njo kazi?" Orpha aliuliza, haamini kwamba hata hiyo ndiyo kazi.

"Ile njo kazi. Bale ba kode beko fasi courant ya umeme haikatikake. Batajua namna gani shida ya Panda?"

Mama Gertrude akaacha mwiko. "Basi aandike juu ya nyimbo yangu."

Orpha aliona haya. Shida ile ilikuwa ikilalamikiwa jikoni kwao kila wiki, naye alikuwa akiicheka.

Kesho yake mama akaandika wimbo, wakaiacha simu izimike. Ukapotea. Wakarudia, ukapotea tena.

"Usiseme tu inaharibika," Madeleine alimfundisha. "Sema mulifanya nini kwanza, nini ikafuata, na mulingoja nini itokee. Nabo ba kode bafanye vile vile, baone."

Orpha akaandika hivyo, akatuma siku ileile. Wajenzi walijaribu, wakaona, wakatengeneza. Sasa kila mstari unahifadhiwa unapoandikwa. Maelezo yale yakahesabiwa kuwa mchango wake, Orpha akapata nafasi yake, na furaha ilimjaa. Siku hizi anaandika maelezo ya programu kwa Kiswahili cha nyumbani.

Jumapili iliyopita simu ya mama ilizimika mbele ya kwaya nzima. Mama hakununa. Aliomba chaja, akangoja, akaiwasha. Wimbo ulikuwemo wote.

"Nani alitengeneza?" aliuliza Adolphe, mwimbaji wa besi.

"Bale ba kode. Lakini mutoto wangu njo alibaambia."

"Kumbe Orpha anajua kode?"

"Ata kidogo," mama alijibu. "Lakini sasa anasikilizaka mama yake."

Kwaya ikacheka, Orpha naye akacheka. Kisha mama akawapa noti ya kwanza ya wimbo.