Bawa Linalopinda

Nyumba ya Madam Huda iko mtaani Malaz, Riyadh, ghorofa ya tatu. Asubuhi Roselyne hukaanga mayai, hupiga pasi kanzu za bosi, na huongea na simu, yote kwa wakati mmoja. Simu huiegemeza kwenye kopo la sukari. Siku hiyo, ndani ya simu alikuwamo binti yake, Lois, mwenye miaka minane. Alikuwa kwa bibi yake huko Mbale, magharibi mwa Kenya.

"Mama," Lois aliuliza, "kafili bado amekataa uje?"

"Bado, mwanangu."

"Hata ukimwambia tafadhali?"

Roselyne aligeuza mayai. 

Msomaji wangu, nikuambie ukweli mapema, maana Roselyne mwenyewe alichelewa kuusema. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, Madam Huda, hakuwa amekataa kitu. Miaka miwili iliyotangulia, mkataba wa kwanza ulipoisha, Madam Huda alimwambia aende akamwone mtoto, kisha arudi. Roselyne alijibu, "Mafi mushkila, madam, hakuna shida. Nitaenda mwakani." Mwaka huo ulipofika, akasema vivyo hivyo. Sasa alikuwa na miaka minne bila kumshika mwanawe.

Shida haikuwa kafili. Shida ilikuwa ndege. Roselyne aliiogopa ndege kuliko kitu chochote duniani, na aliona aibu kusema. Kwa hiyo akamsingizia mwajiri wake. Watu wa kwao waliamini upesi, kwa sababu makafili wabaya wapo, na wengi wamesikia habari zao. Lakini Madam Huda hakuwa mmoja wao, na hilo lilimuuma Roselyne kila alipopokea mshahara wake kwa wakati.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku hiyohiyo mama yake alichukua simu kutoka kwa Lois.

"Rose, tumechoka kungoja. Kaka yako Bonface ameandika barua. Jumatatu anaipeleka redioni, isomwe watu wote wasikie. Ameweka jina la huyo madam, na jina la mtaa."

Mayai yaliungua. Roselyne alizima jiko.

"Mama, mwambie asipeleke! Kafili... kafili amekubali. Nakuja."

"Amekubali lini?"

"Leo," Roselyne alisema, na jasho likamtoka.

Alikwenda sebuleni na kuomba likizo. Madam Huda alifurahi sana. Familia ilikuwa karibu kwenda Jeddah kwa gari, kumtembelea mama yake madam. Basi alimkatia Roselyne tikiti ya Jeddah hadi Nairobi, akamshughulikia na viza ya kutoka na kurudi.

"Halas, yamekwisha," madam alisema. "Jumapili unaruka."

Roselyne alitabasamu kwa midomo tu. Njia nzima ya kwenda Jeddah alitazama jangwa na kuwaza ugonjwa wa kujisingizia. Tumbo? Mgongo? Akiikataa tikiti hii, Bonface angepeleka barua. Akiipanda ndege, alikuwa na hakika kwamba atakufa.

Ijumaa, madam alimruhusu aende Kandara, mtaa wa Jeddah, kumuaga binamu yake. Binamu huyo anaitwa Japheth, ni dereva. Yeye na mkewe, Serah, wana chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Serah alikuwa amepika chapati na maharagwe. Katoni ya Roselyne ilikuwa mlangoni, imejaa zawadi, imezungushwa utepe wa gundi mpaka haionekani rangi yake.

"Mama Lois, kula," Serah alisema. "Mbona chapati unaiangalia tu?"

Roselyne alianza kulia. "Siendi. Mniue, lakini siendi."

Serah aliacha mwiko. "Kwani madam amebadilisha nia?"

"Si madam. Ni ndege. Haki ya Mungu, ile kitu ni mbovu. Mimi niliona kwa macho yangu."

Japheth hakucheka. Kila siku yeye hubeba mafundi wa ndege kwa basi dogo, huwatoa kwenye makazi yao na kuwapeleka uwanja wa ndege. Alichukua simu yake. "Ngoja nimwite Shiro. Usibishane na mimi, binamu. Mimi ni wa gari. Yeye ndiye wa ndege."

Baada ya nusu saa Shiro alifika. Ni mwanamke mfupi, mcheshi, na vidole vyake vina makovu madogo ya kazi. Alisomea ufundi wa ndege Nairobi. Alikaa chini, akachukua chapati bila kukaribishwa mara mbili.

"Haya, dada. Niambie uliona nini. Usiruke kitu."

"Tulikuwa wanawake thelathini siku ya kuja huku," Roselyne alisema. "Sote tumevaa fulana za kijani za ajenti wa kazi. Hakuna aliyewahi kupanda ndege. Mimi niliketi dirishani, karibu na bawa. Tukiwa juu, ndege ikaanza kurukaruka. Nikaona ncha ya bawa inapanda na kushuka. Nikajua limelegea. Halafu tukikaribia kushuka, bawa likafunguka!"

"Likafunguka aje?"

"Kipande cha nyuma kilitoka. Nikaona nafasi, nikaona mpaka chini! Magurudumu yalipogusa ardhi, vipande vingine vikainuka juu, na mngurumo mkubwa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilijua tumeponea chupuchupu na ndege imeharibika kabisa."

Shiro alitaka kucheka, akajizuia. "Pole, dada. Unajua, hukosei kuogopa. Mtu anabebwa mbali namna hiyo na hakuna anayemwambia anachokiona. Manze, hata mimi ningeogopa. Lakini bawa hilo halikuwa bovu. Lilikuwa linafanya kazi yake yote, na wewe ukaiona kwa mpigo mmoja."

"Kazi gani ya kufunguka?"

"Tutafika. Kwanza, ndege inakaaje hewani? Japheth, ukiendesha na kutoa mkono dirishani, unainuka lini?"

"Nikiinua kidogo upande wa mbele," Japheth alisema. "Upepo unausukuma juu. Lakini polisi wakikuona ni mukhalafa, faini hiyo."

"Basi bawa ni mkono huo. Linasukuma hewa chini, na hewa inalisukuma bawa juu. Zamani watu hawakujua. Walidhani siri ni kupigapiga kama kuku. Wakajifunga mabawa, wakaruka kutoka juu, wakavunjika miguu. Baadaye Mjerumani mmoja akaacha kupigapiga. Alitengeneza mabawa yaliyotulia, akaruka kutoka vilimani zaidi ya mara elfu mbili. Kila mara alipima na kuandika."

"Akafika wapi?"

"Alianguka akafa, mwaka 1896. Sitakuficha. Lakini maandishi yake yalibaki. Halafu kukatokea ndugu wawili Marekani, mafundi wa baiskeli. Walitengeneza bawa kwa kufuata vipimo vya waliotangulia. Halikuinua kama hesabu ilivyosema. Sasa wewe ungefanya nini?"

"Ningerudi kwa baiskeli zangu," Roselyne alisema. Serah alicheka kwa sauti.

"Wao walitengeneza sanduku." Shiro aliangaza macho chumbani. Macho yake yakatua kwenye katoni ya mlangoni.

"Hiyo usiguse!" Roselyne aliruka. "Nimeifunga gundi mizunguko saba!"

Serah alitoa katoni tupu ya biskuti chini ya kitanda. Shiro aliitoboa pande mbili, ikawa wazi kama bomba. Upande mmoja aliweka feni ya mezani. Kisha akampa Roselyne mkasi na kipande cha karatasi ngumu.

"Kata vipande viwili sawa. Kimoja kiache bapa. Kingine kipinde mgongo kidogo, kama kijiko. Vifunge uzi, uvining'inize ndani."

Roselyne alikata.  Feni ikawashwa. Kipande bapa kilipepesuka ovyo tu. Kile cha mgongo kilizunguka, kikagonga ukuta wa katoni.

"Aa, chako kimeanguka," Japheth alisema.

"Hakijaanguka, kimefungwa vibaya," Roselyne alijibu kwa ukali. Alisogeza uzi, akainua kidogo upande wa mbele. Mara ya tatu kipande kilipanda, kikakaa juu, uzi ukalegea. Roselyne aliinama akachungulia. Hakuna aliyekishika. Kilikuwa kimekaa juu ya upepo mtupu.

"Serah, ona! Kinakaa!"

"Sasa umefanya utafiti," Shiro alisema. "Na wao walifanya hivyo. Walipima mabawa madogo karibu mia mbili. Lililofaa likaandikwa, lisilofaa likatupwa. Mwaka 1903 wakaruka na injini. Safari ya kwanza ilikuwa sekunde kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu?"

"Tu. Ilitosha kujua njia ni hiyo."

Roselyne alizima feni. Aliuliza lile lililomkaa rohoni. "Sawa, linainua. Lakini nililiona linapinda. Likikatika je?"

"Swali zuri hilo. Kuuliza si ujinga. Wahandisi wa zamani waliuliza hivyohivyo. Unajua walifanya nini? Walipindua ndege, tumbo likatazama juu. Wakapanga magunia ya mchanga juu ya mabawa, moja baada ya jingine."

"Kwa nini waipindue?"

"Kwa sababu angani hewa inasukuma bawa kwenda juu. Mchanga unasukuma chini. Ukipindua ndege, mchanga unafanya kazi ya hewa. Waliongeza magunia waone bawa litabeba kiasi gani. Siku hizi ni mashine, si mchanga. Kabla ndege ya aina mpya haijabeba abiria, bawa lake linavutwa ndani ya jengo. Ni lazima listahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kuliko wote litakaoupata angani. Linapinda, dada! Ncha inapanda mita kadhaa. Limetengenezwa lipinde. Lingekuwa gumu kabisa, kila mtikisiko ungeliumiza."

"Kwa hiyo kupinda..."

"Ndiyo nguvu yenyewe. Na kufunguka? Ndege ikikaribia kutua hupunguza mwendo. Bawa likienda polepole, linainua kidogo. Ndiyo maana rubani anatoa vipande vya nyuma, bawa linakuwa kubwa na kupinda mgongo zaidi, kama ulivyopinda karatasi yako. Ikishagusa ardhi, vile vya juu vinainuka ili bawa liache kuinua, uzito ukae kwenye magurudumu, breki zishike. Nafasi uliyoiona ilichorwa na kupimwa kabla ndege haijaundwa."

"Na ndege haianguki kamwe?"

"Huanguka, mara chache sana. Ikianguka, wanachunguza mpaka wajue sababu, halafu nyingine zinarekebishwa. Gari lililokuleta kutoka Riyadh lina hatari zaidi."

"We Shiro, usituharibie jina sisi madereva," Japheth alisema.

"Wewe funga tu mkanda ukiwa umekaa, muda wote," Shiro alimwambia Roselyne. "Mtikisiko hauvunji ndege. Lakini unaweza kumrusha mtu ambaye hajafunga mkanda."

Roselyne aliweka karatasi yake chini. Halafu alifunika uso kwa leso.

"Nimemsingizia madam wa watu," alisema. "Hakunikataza hata siku moja. Ni mimi."

"Mama Lois!" Serah alishika kiuno. "Miaka miwili tunamwombea huyo mama Mungu amlainishe moyo! Na mimi nikafunga siku tatu!"

Japheth aliangua kicheko. Shiro naye. Mwishowe Roselyne alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akala chapati nne.

Jumapili alipanda. Alipewa kiti cha dirishani, nyuma kidogo ya bawa, na hakuomba kubadilishiwa. Ndege ilipokimbia moyo wake ulidunda, siwezi kusema uongo. Juu ya bahari ilitikisika, na ncha ya bawa ikapanda na kushuka. "Pinda," Roselyne alilinong'oneza. "Pinda, baba." Karibu na Nairobi vipande vya nyuma vilitoka, nafasi ikaonekana. Jirani yake, kijana wa ujenzi aitwaye Victor, alishika kiti.

"Hiyo ni kawaida," Roselyne alimwambia. "Inaongeza bawa."

Magurudumu yalipogusa ardhi, watu walipiga makofi. Safari hii naye alipiga, na alilia, kwa sababu mzigo wa miaka minne ulikuwa umemtoka kifuani.

Tangu siku ile Roselyne amekwenda nyumbani mara mbili tena, na kurudi Malaz salama. Bado huogopa kidogo ndege ikiondoka, lakini uoga haumzuii. Madam Huda aliambiwa yote, akasema, "Wallahi, ungeniambia tu." Hata hivyo, ninalolikumbuka zaidi ni la pale nje ya uwanja wa Nairobi.

Mama yake, Bonface na Lois walikuwa wakimngoja. Lois alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana kwenye simu. Hakukimbia kumkumbatia. Alisimama nyuma ya bibi yake, anatazama.

Roselyne alisema palepale, kabla uoga mwingine haujamshika. "Kafili hakunikataza. Ni mimi niliogopa ndege, nikaona aibu. Nisameheni. Bonface, ile barua ichane."

 Mama yake alitikisa kichwa polepole, akasema tu, "Rose, Rose." Kisha akamkumbatia kwa nguvu.

Lois alisogea hatua moja.

"Kwa hiyo si kafili. Ni wewe uliogopa?"

"Ni mimi, mwanangu."

Lois alifikiri. "Hata mimi naogopa," alisema. "Naogopa mbwa wa kwa kina Alfayo. Lakini nikishikwa mkono, napita."

Akanyoosha mkono wake. Roselyne akaushika, na wakavuka barabara kwenda kwenye gari.