Walioogeshwa Kabla ya Daktari

"Sema kwa sauti, dada, hapa si msibani!" muuza dawa alifoka kutoka nyuma ya kaunta.

Duka la dawa za mifugo lilikuwa limefurika. Vifaranga walilia ndani ya maboksi, vumbi la pumba lilitanda hewani, na watu walisukumana kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Msichana aliyefokewa alivaa gauni la bluu lililofifia kwa kufuliwa, na kikapu amekikumbatia kifuani. Mtaani walimwita Kimya. Alifungua kinywa ajaribu tena, lakini kikapu kikamtangulia kwa kelele kali mpaka mama mmoja akaruka.

"Afadhali mwenzake anajua kujieleza," sauti ya kiume ilisema nyuma yake.

Watu wakaangua kicheko. Kimya aligeuka na kukutana na kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi, miguuni mabuti ya mpira.

"Usinune, bibie. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimwone mgonjwa."

Alifunua kitambaa kilichofunika kikapu. Ndani mlikuwa na kitoto cha nguruwe, ngozi inang'aa kama iliyopakwa mafuta machafu, ukoko mweusi umezunguka macho na masikio. Utani ulimtoka daktari usoni.

"Ni huyu peke yake?"

"Karibu wote," Kimya alinong'ona.

"Na mama yao, huu ni uzazi wake wa kwanza?"

"Umejuaje?"

"Hawa huzaliwa hawana kinga. Wanaipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Mama mgeni wa uzazi mara nyingi hana kinga ya kutosha kuwagawia. Halafu wana meno kama sindano, wanang'atana wakigombea chuchu. Vijidudu vinapita kwenye vidonda."

"Achome sindano yangu, darasa lingoje!" muuza dawa alidakia.

"Hiyo yako imeshashindwa kwa majirani," daktari alijibu. "Bibie, nipe namba yako. Nitakuja kuchukua kipimo, maabara ituambie dawa ipi inaviweza vijidudu hivyo. Kabla sijafika, usiwape dawa yoyote."

Jioni simu ililia.

"Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo."

"Na mwenye mgonjwa?"

Kimya aliibana simu sikioni.

"Umekata?"

"Nipo."

"Basi pumua kwa nguvu nijue upo."

Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono. Daktari akasema kicheko hicho kingeweza kuponya ng'ombe. Hapo ndipo moyo wa Kimya ulipoanza kwenda bila ruhusa.

Lakini nyumbani hapakuwa na kicheko. Mama yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Vitoto hivi vikifa, nguruwe wako anakwenda buchani, na banda nalivunja nijenge chumba cha kupangisha. Nimechoka kulisha hasara, mwanangu."

Kimya hakuwa na kazi nyingine wala cheti cha kuitafutia. Nguruwe yule, Kimya alimlea mwenyewe tangu akiwa mdogo wa kubebeka. Akiondoka, angebaki na nini?

Asubuhi ya kuja daktari, aliingia bandani akalitazama kwa macho ya mgeni. Aliona ukoko, mafuta, uvundo. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alichemsha maji, akamimina dawa ya kuulia vijidudu, akawasugua vitoto mmoja mmoja mpaka wakabaki wekundu. Kisha akaoga yeye, akavaa gauni la njano.

Daktari alipofika, alinusa.

"Mbona leo banda linanukia hospitali?"

Kimya alimsogezea kitoto wa kwanza. Daktari alitazama gauni la njano, akasahau kuuliza tena. Alipitisha kipamba kwenye ngozi ya kitoto, akakifungia kwenye kichupa, akaondoka akipiga mluzi.

Maabara haikuona kitu. Mkubwa wa daktari kazini alimcheka mbele ya wenzake: amepeleka kipimo cha mnyama aliyekwishatibiwa. Akitoka pale akakutana na muuza dawa, akamuuliza kama Kimya alinunua dawa kwake.

"Kimya?" muuza dawa alisema, akitabasamu upande. "Yule ni wangu mimi siku zote. Wewe ulipita njia tu."

Daktari alipiga simu damu ikichemka.

"Uliwachoma sindano ya yule bwana?"

"Hapana."

"Kuna dawa ilipita. Ipi? Nani aliwapa?"

Kimya alijua jibu. Lakini atasemaje kwamba aliogesha nguruwe kwa ajili ya mwanamume?

"Unanyamaza? Basi nimeelewa. Aliyekutibia mwanzo akumalizie."

Simu ikakatwa.

Asubuhi iliyofuata alimkuta kitoto mdogo kuliko wote amekufa, amekauka pembeni ya banda. Waliobaki walitetemeka, ukoko umerudi mnene kuliko mwanzo. Mama alitazama mara moja tu.

"Nimemwita mwenye bucha. Mchana yuko hapa."

Kimya alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akamfunika kitoto mwingine ndani ya kikapu, bila kumgusa kwa maji, akakimbia hadi ofisi ya mifugo. Ukumbi ulijaa mbwa, mbuzi na wenyewe. Daktari alikuwa mezani, macho mekundu.

"Panga foleni," alisema bila kumtazama.

"Niliwaogesha!"

Ukumbi mzima ukageuka. Hata mbuzi alinyamaza.

"Uliwaogesha nani?"

"Nguruwe! Kwa ile dawa ya kuulia vijidudu! Ulikuwa unakuja, nikaona haya uwaone wachafu. Hakuna sindano wala bwana yeyote!"

Mzee mwenye mbwa alijipiga paja. "Mwanangu, mimi mke wangu hajaniogeshea hata kuku!"

Kicheko kilitikisa madirisha. Daktari hakucheka. Alisimama.

"Mjinga ni mimi," alisema polepole. "Niliisikia ile harufu, nikatazama gauni."

Alichukua kipimo palepale, akakipeleka mwenyewe maabara, kisha akaongozana na Kimya hadi nyumbani. Mwenye bucha alikuwa amekwishashika kamba.

"Mama," daktari alisema, "naomba ungoje mpaka maabara wapige simu."

"Na wakifa kabla?"

"Kosa litakuwa langu, na nitakuja kukuambia hapa, uso kwa uso."

Mama alimpima kuanzia mabuti hadi utosini. "Kunja kamba yako, baba," alimwambia mwenye bucha. "Kama ni kuja, utakuja siku nyingine."

Walingoja kwa uchungu. Kitoto mwingine alikufa. Hatimaye simu ikalia: vijidudu vimeota, na dawa inayoviua imejulikana. Daktari alichoma sindano, akawakata ncha za meno, na sasa akaruhusu kuwaosha. Ukoko ulianza kubanduka, chini yake ngozi laini ya waridi.

Kimya alikuwa amechuchumaa akiwatazama wakinyonya.

"Mama yao naye amekutana na ugonjwa," daktari alisema. "Mwili wake umejifunza. Uzazi ujao huenda maziwa yake yakawa na askari wa kutosha. Nataka niwepo."

"Kama daktari?"

"Daktari atakuja na begi la dawa. Mimi nataka kuja na sanduku la nguo za bibi harusi."

Kimya aliinuka, mashavu yanamuwaka.

"Sanduku halipiti mlango wa banda," alisema. "Zunguka mbele, ubishe hodi kwa mama."