Somo Lililofuata Mfereji

Blandina alikuwa akichambua maharage ya makande, lakini akili haikuwa kwenye ungo. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, amekuja kijijini Bombo kufanya mazoezi ya kufundisha Kiingereza. Ukaguzi wa kwanza alianguka. Alhamisi mkufunzi angerudi. Akianguka tena, angerudia mwaka mzima.

Jirani yake, Mwalimu Beatha, akaingia uani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Watoto wananitazama tu, kama nimewaletea msiba. Nafundisha kuelekeza njia. Nimenunua hata picha ya mji, ina taa za barabarani."

Beatha akacheka. "Taa za barabarani, Bombo! Hata mimi ningenyamaza. Watoto hawa wanajua njia gani kuliko zote?"

Blandina alifikiri. "Njia ya maji."

Kweli. Zamu ya maji ya nyumbani kwao ikifika, watoto ndio hukimbia kufungua mfereji. Wanajua maji yanavyotoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji, na kila kona yanayokata hadi shambani.

"Basi chora hiyo," Beatha alisema. "Maneno yasizidi sita. Herufi kubwa, wa nyuma asome. Na uijaribu kwa mtoto mmoja kwanza."

Blandina alipasua kiroba cha unga, akachora upande mweupe kwa kalamu nene. Kisha akamwita Eunike, binti wa mwenye nyumba.

Eunike akashika kiuno. "Dada, umeyapandisha maji mlimani! Mfereji unapita kanisani, na kanisa liko chini ya ndiva, si juu."

Blandina akachora upya.

Alhamisi alitandika ramani sakafuni. Mkufunzi Sadock alikaa nyuma na fomu yake. Salha, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani, alijitolea kuwa maji, akasimama juu ya ramani, penye ndiva. Wenzake wakamwelekeza: "Go straight! Turn right!" Salha akafika shambani, darasa likalipuka kwa makofi.

Mkufunzi akainuka. "Na mimi nipelekeni kanisani."

Akakosea kona.

"No, sir! Stop! Turn left!" Sauti ya Salha iliwashinda wote.

Mkufunzi alicheka hadi akafuta macho. Kisha akaandika kwenye fomu: Amefaulu vizuri sana.

Blandina alikwenda kwa Beatha mbio. "Nimepita, Mwalimu! Nimepita!"

"Hongera, mwanangu! Na kesho unafundisha nini?"

"Mazao. Naomba tangawizi, ndizi, na boga lile."

"Boga langu la chakula cha jioni?"

"Watalishika tu."

"Haya, beba," Beatha alisema. "Leo tutakula ugali."